Treni nane kwa siku zinahitaji madereva wangapi?

Rwanda inasubiri reli itakayoiunganisha na bandari ya Dar es Salaam kupitia Isaka, nchini Tanzania. Fedha za ujenzi, urefu wa njia na upana wa vyuma vimejadiliwa sana. Idadi ya watu watakaoziendesha treni hizo imezungumzwa kwa nadra, ingawa ndiyo itakayoamua kama treni itaondoka kwa wakati na kama itafika salama.

Katika sekta ya Nkanka, wilayani Rusizi, mtu anaweza kuishi hadi uzeeni bila kusikia honi ya treni. Sekta hiyo imekaa ufukoni mwa Ziwa Kivu, karibu na kisiwa cha Nkombo. Sehemu kubwa ya bidhaa za madukani hufika kwa malori yanayopanda na kuteremka milima ya msitu wa Nyungwe hadi Kamembe. Hata hivyo, reli si jambo geni kabisa katika eneo hili. Enzi za utawala wa Kibelgiji kulikuwa na reli fupi kutoka Uvira hadi Kamanyola, ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa pili wa uwanda wa Bugarama. Ilifungwa kabla ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960, na mizigo yake ikahamia barabarani.

Reli inayosubiriwa sasa ina historia ndefu zaidi. Wajerumani waliofikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914 walikuwa pia na mpango wa tawi la kuelekea Rwanda kutoka Tabora, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaukatiza. Mwezi Januari 2018, Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli walikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali, njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Upande wa Tanzania, treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma.

Reli ya Isaka itakapokamilika haitafika Rusizi. Itaishia Kigali, na mzigo wa Nkanka utaendelea kumalizia safari yake kwa lori. Manufaa ambayo kijana wa Nkanka anaweza kuyatazamia moja kwa moja ni ajira, na kwa sababu hiyo hesabu ya wafanyakazi wa treni inamhusu kuliko anavyoweza kudhani.

Hesabu ya haraka na hesabu ya kweli

Chukua mfano wa kufikirika. Kati ya Isaka na Kigali zinapita treni nane za mizigo kwa siku, nne kila upande. Njia ihesabiwe kuwa na kilomita 500, na mwendo wa wastani, pamoja na kusimama, uwe kilomita 50 kwa saa. Kila treni itakuwa njiani kwa muda wa saa 10.

Dereva mmoja hawezi kuimaliza safari hiyo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida kwa siku, na kazi ya dereva haianzi treni inapong'oa nanga. Kabla ya hapo huripoti, husoma maelekezo ya siku, hukagua kichwa cha treni na kujaribu breki za mabehewa yote. Akifika, humkabidhi mwenzake na kuandika ripoti. Kwa hiyo njia hukatwa vipande viwili, na katikati huwekwa stesheni ya kubadilishana zamu. Kila kipande huchukua saa 5 za kuendesha, saa 1 na nusu ya maandalizi na makabidhiano, na saa 1 ya kusubiri, kwa kuwa katika njia moja treni hulazimika kuingia pembeni ili kupisha nyingine. Jumla ni saa 7 na nusu.

Treni nane mara vipande viwili ni zamu 16 kwa siku. Kila zamu ikiwa na dereva na msaidizi wake, jumla ni watu 32. Mwenye haraka huishia hapo, huiandika namba hiyo katika bajeti na kufunga daftari.

Lakini treni hutembea siku 365 kwa mwaka, na mwanadamu hafanyi kazi siku 365. Kwa utaratibu wa Rwanda, ambako tangu mwaka 2023 wiki ya kazi ni ya saa 40, dereva atafanya zamu tano kwa wiki. Ondoa siku mbili za mapumziko kila wiki, zinabaki siku 261. Likizo ya mwaka ni siku 18 za kazi, zinabaki 243. Sikukuu za umma zikihesabiwa kuwa 15, zinabaki 228. Siku hizo treni hazisimami, lakini aliyefanya kazi sikukuu anastahili kufidiwa, na katika mfano huu anafidiwa kwa siku ya mapumziko. Ondoa tena siku 18 za ugonjwa, vipimo vya afya, mitihani ya kanuni na mafunzo ya kila mwaka. Zinabaki 210.

Zamu 16 kwa siku ni zamu 5,840 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa 210, wanahitajika madereva 28, na si 16.

Hata hao hawatoshi. Dereva mmoja akiamka na homa, au treni ikichelewa hadi zamu ya aliyemo ndani ikaisha kabla ya kufika, lazima awepo mtu aliyeketi kituoni akisubiri kuitwa. Ukiweka dereva mmoja wa akiba asubuhi, mchana na usiku, katika vituo viwili, umeongeza zamu sita kwa siku. Jumla inafika zamu 22 kwa siku, yaani 8,030 kwa mwaka, na madereva wanaohitajika wanakuwa 39. Pamoja na wasaidizi wao ni watu 78. Namba iliyoanza kuwa 32 imezidi mara mbili, na bado hawajahesabiwa wanaopanga mabehewa katika yadi, wakuu wa treni, wahudumu wa abiria wala wanafunzi walio darasani.

Watu wa akiba ndio wanaoteswa zaidi na wakaguzi wa matumizi. Mkaguzi humkuta dereva ameketi akinywa chai, analipwa, na hakuna treni anayoiendesha. Akipendekeza aondolewe, mwaka wa kwanza huonekana kana kwamba fedha zimeokolewa, kwa sababu pengo huzibwa na waliobaki kwa kufanya kazi siku zao za mapumziko.

Mpaka mmoja, sheria mbili

Namba hizo hubadilika ukivuka daraja la Rusumo. Sheria ya Tanzania inaruhusu saa 45 kwa wiki, zisizozidi siku sita. Kwa zamu ya saa 7 na nusu, siku sita zinatimia saa 45 kamili. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, ambazo kwa mtu wa siku sita ni sawa na siku 24 za kazi. Ukipunguza sikukuu, ugonjwa na mafunzo kwa kiwango kilekile cha mfano, dereva anabaki na siku 256. Kazi ileile ya zamu 8,030 itafanywa na madereva 32.

Tofauti ni madereva saba, na pamoja na wasaidizi ni watu 14, kwa treni zilezile juu ya vyuma vilevile. Anayeandaa mpango wa reli ya nchi mbili hana budi kwanza kuulizia sheria ipi itamhusu dereva wa Rwanda anapokuwa Isaka, na ipi itamhusu wa Tanzania anapokuwa Kigali. Umoja wa Ulaya ulilijibu swali kama hilo kwa agizo la mwaka 2005 kuhusu wafanyakazi wa treni zinazovuka mipaka: kuendesha kusizidi saa 9 mchana na saa 8 usiku, mapumziko ya nyumbani yasipungue saa 12, na anayelala ugenini apate angalau saa 8. Sharti hilo la mwisho lina gharama yake, kwa sababu mahali pa kulala hujengwa, hutunzwa na kuwekwa kimya hata mchana, maana aliyeendesha treni usiku kucha hulala jua linapowaka.

Mwendo nao una nguvu kubwa katika hesabu hii. Treni ya abiria ikikimbia kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, kilomita 500 zinakwisha kwa saa 5, na dereva mmoja anatosha kutoka mwanzo hadi mwisho. Hili limeonekana Tanzania, ambako safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya haraka ya umeme inakwisha chini ya saa 4. Kwa upande mwingine, mizigo ikipungua mwendo hadi kilomita 40 kwa saa kwa sababu ya milima au ya kusubiri kupishana, zamu ya saa 7 na nusu inakaribia saa 9, na kuchelewa kidogo tu kunaivusha kikomo. Milima ya Rwanda si jambo la wahandisi wa madaraja peke yao.

Usingizi haujui cheo

Tarehe 8 Februari 1986, karibu na mji wa Hinton katika jimbo la Alberta, Kanada, treni ya mizigo ilipita taa nyekundu mahali ambapo njia mbili zinakuwa moja, ikagongana uso kwa uso na treni ya abiria. Watu 23 walifariki. Tume iliyoongozwa na Jaji René Foisy ilichunguza breki, taa na njia, kisha ikauelekeza umma kwenye mambo ambayo hayakuwa ya chuma: wafanyakazi wa treni ya mizigo walikuwa wamelala saa chache, na zamu zao zilikuja bila mpangilio, usiku huu na alfajiri ile, kwa namna ambayo mwili hauwezi kuizoea.

Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba 1988, treni ziligongana asubuhi karibu na stesheni ya Clapham Junction mjini London, na watu 35 wakapoteza maisha. Hapo hakuwa dereva aliyechoka. Fundi aliyeunganisha nyaya za taa za ishara aliacha waya wa zamani ukiwa bado unagusa. Uchunguzi ulibaini kuwa katika wiki 13 alikuwa amepumzika siku moja tu. Kutokana na ripoti ile, reli za Uingereza ziliweka mipaka ambayo imeendelea kutajwa hadi leo: zamu isizidi saa 12, pumziko kati ya zamu mbili lisipungue saa 12, wiki isizidi saa 72, na katika siku 14 mtu asifanye kazi zaidi ya 13.

Ikumbukwe kwamba fundi yule hakulazimishwa kwa mjeledi. Saa za ziada zilikuwa na malipo, na malipo hayo alikuwa ameyazoea. Shirika lenye watu pungufu hupata urahisi wa aina hiyo: wafanyakazi wenyewe huomba kazi zaidi. Orodha ya zamu hujaa majina, treni huondoka zote, na upungufu haugunduliki kwenye karatasi.

Dereva hanunuliwi dukani

Kichwa cha treni huagizwa kiwandani na kufika kwa meli. Dereva huandaliwa. Nchini Uingereza, mafunzo ya dereva mpya kwa kawaida huchukua kati ya mwaka mmoja na miwili, na akihitimu bado hawezi kupewa treni yoyote kwenye njia yoyote. Lazima aijue njia yenyewe: mteremko unaanzia wapi, taa ipi hufichwa na kona, breki zishikwe umbali gani kabla ya stesheni mvua inaponyesha. Treni nzito ya mizigo huhitaji umbali mrefu sana kusimama, na anayeisubiri taa aione ndipo aanze kufikiri amekwisha chelewa.

Waingereza walilipia somo hilo mbele ya macho ya abiria wao. Tarehe 20 Mei 2018 walianzisha ratiba mpya yenye safari nyingi zaidi. Treni zilikuwepo na madereva walikuwepo, lakini wengi wao hawakuwa wamepata muda wa kujifunza njia walizopangiwa, kwa sababu kazi za ujenzi zilichelewa na ratiba ikathibitishwa dakika za mwisho. Mamia ya safari yalifutwa kila siku kwa wiki kadhaa, kaskazini mwa Uingereza na katika maeneo yanayoizunguka London.

Katika Afrika Mashariki jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa ujuzi wa reli moja hauhamii nyingine kwa urahisi. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067, sawa na reli za Kongo. Reli za kisasa za Kenya na Tanzania zina milimita 1,435, lakini ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, hutumia dizeli, na ya Tanzania hutumia umeme. Dereva mzoefu wa Nairobi akiletwa Kigali kesho atahitaji darasa jipya. Kenya ilipoanza, baadhi ya madereva wake, wakiwemo wanawake vijana, walipelekwa China kujifunza kabla ya reli kufunguliwa, na Wachina wakakaa nao ndani ya chumba cha dereva kwa muda.

Rwanda haina kizazi cha wazee wa reli wa kuwarithisha vijana kazi. Tukirudi kwenye mfano wa madereva 39, nusu yao wakianza mafunzo miaka miwili kabla ya treni ya kwanza, bado atahitajika mtu wa kuketi pembeni mwao wanapojifunza njia, na mtu huyo lazima awe ameshaijua. Na mafunzo hayakomi treni zikianza. Wakiondoka madereva wawili kila mwaka kwa kustaafu, kuugua au kuvutwa na mshahara wa jirani, warithi wao wanapaswa kuwa tayari darasani kabla hawajaandika barua ya kuacha kazi.

Mahali wanapolala

Katika mpango mzima wa wafanyakazi, uamuzi unaowagusa wananchi wengi zaidi ni ule wa stesheni ya kubadilishana zamu iwe wapi. Vyuma vya Reli ya Uganda vilipofika mahali panapoitwa Nairobi mwaka 1899, palikuwa ni tambarare yenye maji kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Wajenzi walipageuza kituo cha vifaa, karakana na nyumba za wafanyakazi, na mji ukaota kuzizunguka nyumba hizo. Tabora, Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912, ilikuwa tayari mji wa biashara ya misafara, lakini karakana na chuo cha reli vimeipa sura nyingine hadi leo. Stesheni ambayo treni husimama dakika mbili na kuondoka huacha nyuma wauza ndizi. Ile ambayo madereva hulala na kuamka huacha shule, zahanati, nyumba za kupanga na familia zinazopokea mshahara kila mwezi.

Kwa mtu wa Nkanka, kituo hicho kikiwa Kigali au karibu na Rusumo, kazi ya reli itamaanisha kuhama. Si jambo la kutisha. Vijana wa Rusizi wamezoea kuvuka kwenda Bukavu asubuhi na kurudi jioni, na wengine wamekwenda mbali zaidi. Lakini dereva wa akiba hutakiwa kufika kituoni ndani ya muda mfupi tangu anapoitwa, na hakuna basi la Nyungwe litakalomfikisha.

Kuna sifa moja ambayo sehemu hii ya nchi inayo bila kupelekwa darasani. Umoja wa Ulaya humtaka dereva anayevuka mpaka aifahamu lugha ya reli anayoingia kwa kiwango cha B1, yaani aweze kupokea maelekezo ya dharura kwa redio, kuyarudia bila kosa na kueleza hitilafu iliyotokea. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Kamembe hukisikia kila siku sokoni na mpakani. Dereva aliyesimama gizani nje ya stesheni ndogo ya Tanzania, akiambiwa kwa redio kwamba behewa limeanguka mbele yake na asisogee hata mita moja, atahitaji kuelewa sentensi hiyo mara ya kwanza inapotamkwa.